Kidole Kilichonyooka

Pale Mandawa mtu akifa, huitwa kwanza katekista, kisha huitwa Lusiana. Katekista wa kumwombea aliyekwenda, Lusiana wa kuwasongea ugali waliobaki. Hakuna kikao kilichokaa kumchagua. Alianza akiwa mwanamke mbichi aliyeolewa juzi, siku ambayo wakubwa wake walishindwa na sufuria la kanisa, na tangu hapo ikawa hivyo. Sufuria lenyewe ukimtia mtoto wa darasa la kwanza anapotea. Unga ukishaanza kushika, mwiko unakuwa kama mti uliopandwa. Unausukuma na wenyewe unakusukuma. Lusiana alipanga miguu, akaukamata kwa mikono miwili, wa kulia chini, wa kushoto juu, akaugeuza ugali taratibu kama anayemgeuza mgonjwa kitandani, mpaka usibaki na donge hata moja. Watu walikuwa wakitoka kwenye misiba ya Mandawa wakisema huyu amezikwa vizuri, na nusu ya hayo mazishi mazuri ilikuwa ule ugali.

Hakuwa mtu wa maneno. Mama yake alikufa yeye angali ananyonya, akalelewa na dada wa mama yake, Agatha, ambaye mbele za watu alimwita mama mkubwa na nyumbani akamwita mama. Alisoma mpaka darasa la saba. Akaolewa na Eusebio, mwanamume mpole aliyekuja kujenga palepale kwa Agatha, kwa kuwa zamani Wamwera ndivyo walivyofanya, mume ndiye aliyehama, na Eusebio hakuona haya kufuata ya zamani. Watoto wao walishakua wakatawanyika. Nyumba ilibaki na hao watatu. Maisha yote ya Lusiana ungeweza kuyasimulia kwa kutaja alichokuwa ameshika mkononi: jembe, mchi, ungo, mwiko.

Agatha naye alikuwa na kazi ya mikono yake, nayo ilijulikana mpaka Likunja. Alikuwa mnyooshaji. Mtoto akizaliwa, akishaogeshwa, Agatha alimlaza juu ya mapaja yake, akampaka mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto, akavuta mikono, akavuta miguu, akakunja, akanyoosha, mtoto akalia kisha akalala usingizi wa kifalme. Vijana wa mpira walioteguka walipelekwa kwake. Wanaume waliopigwa na kiuno wakati wa palizi walipelekwa kwake wakiwa wameinama kama wanaotafuta sindano, wakarudi wamesimama. Nusu ya watu wanaotembea wima pale kijijini, alisema mwenyewe, wanatembea kwa mikono yake. Na haikuwa uongo.

Sasa, kisu kilichomkata Lusiana kilikuwa chake mwenyewe. Ilikuwa wakati wa kuokota korosho za mwisho, jua kali, mvua bado. Alikuwa amekaa uani anapasua makopa, ile mihogo iliyokaushwa, ili yaingie kinuni. Kopa moja lilikuwa limekauka kama jiwe. Akalichoma kwa ncha ya kisu, akasukuma kwa nguvu. Mpini wa kisu kile ulikuwa umefungwa mpira wa tairi kwa sababu ulishalegea, na siku ile ule mpira ulikuwa na mafuta. Kisu kilikwama kwenye kopa, mkono haukukwama. Uliteleza ukapita juu ya makali, ukafumbata makali yenyewe badala ya mpini.

Hakupiga kelele. Aliufungua mkono akautazama, akaona ngozi chini ya vidole imefunguka kama mdomo. Alitaka kukunja ngumi kuzuia damu. Kidole gumba kikaja, cha shahada kikaja, cha kati kikaja nusu. Cha pete na cha mwisho vilibaki vimesimama vinatazama mbele, kama watu walioitwa majina yasiyo yao.

Zahanati walimfunga wakamwambia hii si kazi yetu, nenda Nachingwea. Kulikuwa na hospitali ya masista upande ule, na kwa bahati yake wiki ile alikuwapo daktari mgeni, mpasuaji wa mikono. Lusiana alilazwa, akachomwa sindano ya ganzi kwapani, akaona mkono wake unachukuliwa na kushughulikiwa nyuma ya pazia la kijani, nao haukuwa wake tena. Ile ganzi ya sindano ilikwisha usiku. Lakini kwenye vile vidole viwili ilibaki nyingine, isiyokwisha, kwa sababu kisu kilikuwa kimekata pia na mishipa inayopeleka habari. Ukivigusa, hana habari.

Asubuhi alielekezwa kwa mtaalamu wa mazoezi. Mlinzi aliyewapeleka, yeye na Eusebio, alisema twendeni huku, chumba cha kunyoosha. Ndivyo watu wote wa pale wanavyokiita. Humo walimkuta kijana mmoja mwembamba, jina lake Nicholaus, ambaye aliuliza kwanza si kuhusu jeraha bali kuhusu kazi. Lusiana akamwambia kazi yake ni kulima. Eusebio, ambaye si kawaida yake kuingilia, akasema na kusonga ugali wa misiba, sufuria lile kubwa. Kijana akasema, basi tunafanya kazi ili urudi kwenye sufuria lako.

Aliwaeleza vizuri, haraka hakuwa nayo. Alisema watu wanaita kila kitu mshipa, lakini hii iliyokatwa inaitwa kano. Akageuza baiskeli iliyokuwa imeegemea ukutani, akabana breki. Akawaonyesha ule waya unavyokwenda na kurudi ndani ya mpira wake. Kidole, akasema, ni breki. Nyama iko huku juu kwenye mkono, kano ndiyo waya. Waya wako ulikatika, daktari ameuunga kwa uzi. Ukiuacha bila kuutikisa kabisa, unaganda ndani ya mpira wake. Ukiuvuta kwa nguvu, ule uzi unaachia. Kwa hiyo njia ni nyembamba, katikati hapo. Alimfunga hogo, ile plasta ngumu, mgongoni mwa mkono, kuanzia kwenye kigasha mpaka kwenye ncha za vidole, kiganja kimeinama na vidole vimepinda. Akamfundisha kuvikunja vidole hivyo kwa kuvisukuma na mkono wa kushoto, kisha kuviachia vijirudie vyenyewe mpaka viguse hogo, basi. Asishike kitu. Asiinue kitu. Asifungue hogo. Na zaidi ya yote vile vidole visinyooshwe, hata viking'ang'ania, hata vikimchukiza, mpaka yeye mwenyewe Nicholaus aseme.

Ili aushike tena mwiko, ilimpasa kwanza aishike miiko.

Nyumbani walimpokea kwa mzaha, kama ilivyo desturi. Walisema muhogo ulimkata na hospitali wakamfunga hogo, sasa abaki kupikwa tu. Lusiana alicheka kidogo kwa adabu. Wanawake wakamtwangia, Eusebio akachota maji, na yeye akakaa barazani na mkono wake umeinama kama jogoo anayelala. Alifanya mazoezi aliyofundishwa. Alivisukuma vile vidole, akaviachia, akavisukuma, akaviachia, bila kuvisikia, kama mtu anayefunga na kufungua mlango wa nyumba ya jirani.

Agatha alitazama hayo kwa siku kadhaa. Hakuyapenda. Macho yake yalikuwa yamezoea kuona kilichopinda na kukitafutia dawa, na hapa kilichopinda kilikuwa kimefungwa kibaki kimepinda. Alisema mkono ule utakauka hivyohivyo, kama mguu wa kuku juu ya jiko. Alisema amewaona wenye ukoma enzi za masista wa kwanza, vidole vyao vilianza vivyo hivyo.

Kisha mvua ikaja, kubwa, bila kuuliza. Siku ya kurudi Nachingwea ilipofika, korongo la njiani lilikuwa limejaa na bodaboda hazipiti. Eusebio akapiga simu. Nicholaus akasema endelea kama nilivyokufundisha, usiongeze kitu, barabara ikifunguka njoo.

Jioni ile Agatha alimwuliza Eusebio, kule hospitali mlipelekwa chumba gani. Eusebio hajui kudanganya, akajibu, chumba cha kunyoosha.

"Na walimnyoosha?"

Eusebio akasema hapana, hawakumnyoosha.

Agatha akasema kwa sauti ya mtu aliyeona mambo yote yakikaa mahali pake. Alisema kumbe hata wao wanajua dawa yake ni kunyoosha, na chumba wamekitenga, ila watu ni wengi na kijana ni mmoja, hakumfikia. Na sasa njia imefungwa na mkono unazidi kuganda.

"Samaki mkunje angali mbichi," alisema. "Na kidole kinyooshe kingali kibichi. Kikikauka utakivunja."

Lusiana akasema daktari wa mazoezi amekataza.

"Amekukataza wewe," Agatha akamjibu. "Mimi hajanikataza."

Hapo pangeweza kusemwa mengi. Lusiana aliyajua yote. Kijana alishaonyesha mpaka waya wa breki. Lakini mikono iliyokuwa inaweka kibakuli cha mafuta ya ufuta juu ya makaa ndiyo iliyomwogesha siku mama yake alipozikwa, ndiyo iliyomnyoosha yeye, na ikawanyoosha watoto wake wote. Mtu anaukatalia vipi mkono huo? Na tena, tusimsingizie uchungu asioupata: vile vidole havikuwa vinamsemesha tena. Alikuwa amechoka kuvilinda kama mtu anavyochoka kulinda shamba asilojua kama limeota. Akanyoosha mkono wake mbele ya Agatha, na Agatha akafungua hogo.

Alifanya kwa ufundi wake wote. Alipaka, akasugua kigasha kutoka kwenye kiwiko kushuka chini, akaimba kidogo puani wimbo wa kuogeshea watoto. Cha kati hakukigusa sana, hakikuwa kimepinda mno. Akakishika cha pete, na cha mwisho pamoja nacho, akaweka kiganja chake chini na kidole gumba chake juu, akavuta kwa kupanda polepole, kama anavyofanya miguu ya mtoto mchanga. Vidole vilikataa. Akaongeza.

Kitu kidogo kilikatika ndani. Lusiana hakusikia maumivu. Alisikia tu kama mtu anang'ata uzi wa kanga kwa meno, mbali, chumba kingine. Kisha kingine.

"Umeona?" Agatha akasema. Uso wake uling'aa kwa jasho na furaha. "Vimenyooka."

Na kweli vilikuwa vimenyooka. Vilikaa juu ya goti la Lusiana vizuri kabisa, kama vidole vya picha ya mtakatifu.

Barabara ilipofunguka walikwenda, Lusiana amelirudishia hogo lake. Nicholaus alifungua hogo, na kabla hajauliza neno akaona. Alimwambia Lusiana akunje vidole polepole. Cha shahada kikaja, cha kati kikaja kwa kusitasita. Akakishika cha pete katikati, akamwambia, sasa kunja ncha tu. Wakangoja. Nje kulikuwa na mtu anafagia, fagio linakwenda na kurudi.

"Nani aliunyoosha mkono huu, mama?"

"Mimi mwenyewe."

Kijana alimtazama. Mtu hawezi kujinyoosha namna ile kwa mkono wake mmoja, na yeye alijua, na Lusiana alijua kwamba anajua. Eusebio aliinamisha kichwa akawa anatazama viatu vyake. Nicholaus akasema, haya, mama. Akakaa. Akaeleza kwamba zile kano zimeachia na ncha zake zimerudi juu. Huko Dar es Salaam wako wanaoweza kuchukua kano mahali pengine mwilini na kuipandikiza, lakini ni safari ndefu, na ni upasuaji juu ya upasuaji, na hawezi kumwahidi. Lusiana akasema atafikiri. Hakufikiri. Alitoka nje, akasimama chini ya paa la veranda, akasubiri kilio kije kama wanavyosubiri wengine. Hakikuja. Kilichokuja ni kukumbuka kwamba nyumbani hakuna chumvi. Wakapita dukani wakanunua chumvi.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kuokoa vidole vitatu, na hasa kile cha kati ambacho kilikuwa kimekatwa nusu. Lusiana aliifanya yote, bila kukosa na bila tumaini kubwa, kama mtu anayekwenda kanisani kwa mazoea. Aliminya sifongo. Baadaye Nicholaus akamwambia atumie ugali wa baridi, amege, afinyange tonge, alibonyeze kwa gumba, alivunje, aanze tena. Kuku wa pale nyumbani walinenepa mwaka ule. Akamwambia tena afumbe macho, mtu amwekee kitu kwenye ncha za vidole, abahatishe: punje ya mahindi, kunde, ufuta. Eusebio ndiye aliyekuwa anamwekea. Kwenye kidole cha kati alianza kutambua kunde, halafu mahindi. Kwenye vile viwili hata angemwekea kaa la moto.

Na hilo nalo lilitokea. Siku moja alikuwa anainua kifuniko cha chungu, mawazo hayapo, akasikia harufu ya nyama inaungua. Akatazama jikoni kama kuna kitu kimeanguka. Kilikuwa kidole chake cha mwisho, kimeegemea ukingo wa chungu, kimetulia. Alikiondoa. Alikitazama kinavyotoa lengelenge. Akaendelea kukoroga kunde kwa mkono wa kushoto.

Tonge aliliweza. Kwa vidole vitatu mtu anakula, na hakuna aliyemcheka mezani. Lakini mwiko si tonge. Nguvu ya kushika mpini, Nicholaus alishamwambia, inatoka upande wa vile vidole viwili vya mwisho. Vya mbele ni vya kuelekeza tu. Alipojaribu mwiko mdogo wa nyumbani, ulizunguka kiganjani mwake kama samaki. Jembe vilevile. Msiba ulipotokea, sufuria la kanisa lilisongwa na wanawake wengine kwa kupokezana, na yeye akawekwa kwenye kuchambua mboga. Ugali ule ulikuwa na madonge. Watu waliyapasua kwa vidole wakaona unga mkavu ndani, wakamtazama Lusiana, wakatazama pembeni. Mwanamke mmoja mwenye ulimi akasema marehemu wa safari hii atabaki na kiu. Lusiana alikuwa anachambua majani ya kunde. Aliendelea kuchambua.

Na Agatha je? Agatha alikuwa anatembea na ushindi wake. Hakuna aliyemwambia kitu. Eusebio alikatazwa na mkewe, na Eusebio akikatazwa amekatazwa. Kwa hiyo kila mgeni aliyeingia pale aliitiwa Lusiana auonyeshe mkono. Uliingia kwa kisu, Agatha alikuwa akieleza, ukatoka hospitali umepinda kama kwato, tazameni sasa. Naye anakiinua kile kidole cha pete, anakipitisha machoni pa watu. Kuhusu kushika, alisema nguvu itarudi polepole, damu ilipotea nyingi. Wageni wanasifu. Lusiana anauacha mkono wake ushikwe, uzungushwe, usifiwe, macho yake yako kwenye mikorosho. Ukimwuliza angekwambia kwamba si uvumilivu. Ni kwamba mkono ule haukuwa wa kugombea tena. Kama ulikuwa unamfurahisha mwingine, na umfurahishe.

Sifa hizo zilifika Nambilanje. Huko wapo wafugaji waliohamia miaka ya karibuni na ng'ombe wao kutoka Kanda ya Ziwa, na mmoja wao, Makoye, alikuwa anakata miba ya zizi panga likamrudi kiganjani. Naye alipita hospitali ileile ya masista, akafungwa hogo lilelile. Mkewe Zipora aliyavumilia yale mapindo kwa muda, kisha akasikia habari za bibi wa Mandawa. Wakaja asubuhi moja, Zipora na kidumu cha maziwa kichwani, Makoye nyuma yake, mrefu, mkono umeinama kifuani.

Zipora akapiga goti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ng'ombe wenu mwaka jana walikula kunde zangu, mwaka huu mmeniletea maziwa. Naona tumeanza kuelewana."

Zipora akacheka akiziba mdomo. Akaeleza shida: mumewe ndiye anayekama, ndiye anayefunga ndama, na mkono umepinda namna hii, hospitali wanasema usiguse, usinyooshe, na siku zinakwenda. Agatha akasema hayo anayajua, hata binti yake walimwambia vivyo hivyo. Akatandika mkeka. Akaagiza mafuta. Lusiana ndiye aliyeyaleta kutoka jikoni, kibakuli kilekile, kwa mkono wa kushoto.

Aliyaweka chini. Angeweza kurudi jikoni. Alimwona Agatha anaanza kufungua bandeji, mzunguko baada ya mzunguko, na hogo linainuka, na vidole vya yule mwanamume vinaonekana, vimepinda, vyeupe kwa vumbi la plasta, hai. Kimoja kilitikisika chenyewe. Lusiana alikiona kinatikisika. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya makopa, kitu kilimchoma mahali, si mkononi.

Alikaa mkekani. Akaunyoosha mkono wake wa kulia, akauweka kando ya mkono wa Makoye.

"Kaka, tazama huu," alisema. "Nilikuwa navyo kama vyako. Sasa vimenyooka."

Agatha akatabasamu, akasema mwambie, mwanangu, mwambie.

"Nataka uone ninavyovikunja."

Wakatazama wote. Kidole gumba kikaja. Cha shahada kikaja, cha kati kikafuata mpaka kikagusa kiganja. Cha pete na cha mwisho vilibaki vimelala juu ya mkeka, vimenyooka, kidole kimoja na kovu la moto kwenye ncha. Kuku alipita, akadonoa ukingo wa mkeka, akaenda zake.

"Haya, kunja," Agatha akasema.

"Nimeshakunja, mama."

Hakusema siku ile ya mvua, wala uzi, wala waya wa breki. Hakuhitaji. Agatha alikuwa ameishi kwa kuisoma mikono ya watu, na huu aliusoma. Aliushika, akakipindisha kile kidole cha pete kwa mkono wake mwenyewe, akakiachia, kikarudi kilivyokuwa. Akakipindisha tena, akakiachia. Akapitisha kidole gumba chake kwenye kiganja, pale panapopaswa kuwa na kamba inayokaza, akatafuta, akatafuta zaidi juu, akafika kwenye kifundo. Palikuwa patupu. Zipora alitaka kuuliza kitu, Makoye akamgusa bega.

Kisha Agatha akalichukua hogo la Makoye, akalirudisha mahali pake, akaanza kuzungusha bandeji. Alifunga vizuri, hakukaza, hakulegeza. Akamwambia arudi kwa kijana wa Nachingwea na afanye anavyoambiwa, hata akichukia.

"Hapa hatunyooshi?" Zipora akauliza.

"Hapa tunanyoosha watoto," Agatha akasema. "Na waliolala vibaya."

Zipora akakitazama kile kidumu, hajui akichukue au akiache.

"Maziwa tutakunywa," Agatha akasema. "Kunde zangu zililiwa."

Walipoondoka, Agatha alibaki mkekani mpaka jua likamfikia na kumpita. Mafuta yakapoa kibakulini, inzi akaingia humo, hakuna aliyemtoa. Lusiana alifagia uani kwa mkono wa kushoto. Eusebio aliporudi kutoka shambani alisimama kwenye kona ya nyumba, akawaangalia wote wawili, akaelewa kwamba limesemwa, akaenda kunawa.

Jioni, bila kumwambia mtu, Agatha aliingia jikoni akateleka sufuria. Ilikuwa miaka mingi hajasonga ugali pale nyumbani. Kazi hiyo ilikuwa ya Lusiana, na katika miezi hiyo ya mwisho ilikuwa ya Eusebio, kwa siri ya mlango uliofungwa. Lusiana akataka kumpokea mwiko. Agatha hakuuachia. Alisonga amesimama, kisha ameinama, kisha amepiga magoti, pumzi inamkatika, na Lusiana akashika sufuria isizunguke, kwa mkono wa kushoto na kwa vile vidole vitatu.

"Kwa nini hukusema?" Agatha aliuliza, macho yakiwa kwenye sufuria.

Lusiana alifikiri. Alitaka kumpa jibu la kweli, na la kweli lilikuwa dogo.

"Ulikuwa umefurahi, mama."

Agatha akageuza mwiko, akageuza tena. Akapakua. Wakakaa watatu, wakanawa, wakamega. Ugali ulikuwa na madonge. Eusebio alilipata la kwanza, akalitafuna. Agatha akapata lake. Lusiana akamega kwa vidole vitatu, viwili vikiwa vimenyooka pembeni, akakutana na donge, akalibonyeza kwa gumba, akalichovya kwenye mboga, akala.